Ukuta wa Kitanda cha Nne

Siku ya sita homa ilikuwa bado haijatii dawa. Ilipanda asubuhi, ikashuka kidogo mchana kama mtu anayekaa kupumzisha miguu, kisha ikapanda tena. Na Chiriku, mtoto wa miaka mitano mwenye mdomo wa watu wazima kumi, alikuwa hasemi. Hilo lilimtisha babu yake kuliko namba za kipimajoto. Mtoto ambaye wiki iliyopita alimuuliza muuguzi kama naye huchomwa sindano, na akichomwa ni nani humbembeleza, sasa alilala ubavu, macho nusu wazi, akikohoa kikohozi kidogo kikavu kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu.

Babu yake alisimama mlangoni mwa wodi, sanduku la vifaa mkononi. Hapo hospitalini yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mbao, wa bomba, wa vitasa, wa chochote kilichogoma kufanya kazi, na kwa miaka ishirini na miwili watu walimwita Mzee Patasi. Ulimi mkali aliupata baadaye, mkewe alipofia katika jengo hilo hilo kwa kukosa lifti. Lifti ilikuwa mbovu. Patasi mwenyewe alikuwa ameandika mara mbili kwamba mota yake inakufa, na mara mbili wakubwa wakajibu kwamba wameliona jambo hilo. Waliliona hivyo hivyo mpaka siku alipombeba mkewe ngazini, yeye kichwani na mlinzi miguuni, wakafika juu na mtu aliyekwisha kutangulia. Tangu hapo, kila kilichoharibika, kuanzia kitasa hadi hali ya hewa, Patasi alimjua aliyekiharibu. Wakubwa. "Hawana masikio wale," alikuwa akisema, "wana viti." Na mara nyingi hakukosea.

Daktari wa watoto alitoka wodini akivua glavu. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, anayetembea kama mtu aliyeacha chungu motoni.

"Mama Chiriku, njoo. Na wewe Mzee, njoo usikie."

Binti ya Patasi alikuja akiwa na khanga mabegani na usingizi wa siku nne machoni. Wakasimama karibu na sinki la kunawia mikono.

"Dawa za bakteria tumezibadilisha mara mbili," daktari alisema. "Homa iko pale pale. Picha ya kifua ya jana ina madoa matatu. Nadhani ni fangasi."

"Fangasi?" binti alishangaa. "Hizi za vidole vya miguu?"

"Ndugu zake wakali. Huota penye unyevu, kwenye mbao mbichi, kwenye kuta zinazolowa. Mbegu zake ni ndogo, huruka hewani. Mimi na wewe tunazivuta, tunapiga chafya, tunaendelea na safari. Lakini zile dawa za saratani ya damu zimewapiga maadui wa Chiriku pamoja na askari wake. Hana mlinzi hata mmoja mlangoni. Mbegu ikishuka kifuani inaota, inatafuna mapafu, na ikiingia kwenye mishipa inaweza kwenda mpaka kwenye ubongo."

Binti alishika ukingo wa sinki. "Utampa nini?"

"Dawa ya fangasi inaingia sasa hivi mshipani. Itamtetemesha, usiogope ukiona. Na figo zake tutazipima kila siku kwa sababu dawa yenyewe haina huruma." Akatupa glavu ndooni. "Lakini dawa ni nusu ya kazi. Kama mbegu bado zinamwagika chumbani, sisi tunafagia na mwingine anamwaga. Mtoto wa kitanda cha tano ameanza kukohoa jana." Akamgeukia Patasi. "Mzee, wewe unaijua nyumba hii kuliko sisi sote. Mle ndani kuna mahali panavuja? Panapolowa, penye ukungu?"

Binti naye akamgeukia. Alimtazama baba yake kwa macho yale yale aliyomtazama nayo akiwa mdogo, mwanasesere wake alipovunjika mguu.

"Nitaangalia," Patasi akasema.

Hakuwa na haja ya kuangalia. Alijua.

Nyuma ya kitanda cha nne kulikuwa na choo cha wagonjwa, na ndani ya ukuta ulio katikati kulipita bomba kuukuu. Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma doa la maji lilijitokeza upande wa wodi. Patasi alikwangua lipu, akapiga upya, doa likarudi limenenepa. Akajaza fomu: ukuta uvunjwe, bomba libadilishwe, paachwe pakauke. Akajaza ya pili. Akajaza ya tatu kwa herufi kubwa, akidhani labda tatizo ni macho. Fomu zote ziliishia kwa msimamizi wa majengo, ambaye mafundi walimwita Bwana Kesho, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akiitaja siku nyingine. Kisha wageni wakubwa wakatangaza ziara, na Bwana Kesho akashuka mwenyewe karakana.

"Patasi, ule ukuta uvishe shati."

Hayo yalikuwa maneno ya karakana, na kila fundi aliyajua. Ukuta ukiugua na hakuna ruhusa ya kuutibu, unapigiliwa ubao wa plaiwudi juu yake, mianya inazibwa kwa puti, rangi ya mafuta inapita mara mbili, ukingo wa mbao unawekwa chini, na mgeni akija anaona kitu kinachong'aa. Nusu ya hospitali ilikuwa imevaa mashati. Lakini hakuna aliyeshona shati kama Mzee Patasi. La kitanda cha nne lilinyooka hata muuguzi mpya angeapa kwamba ni ukuta halisi.

Na kulikuwa na la zaidi. Miezi miwili iliyopita, Chiriku alipoletwa na saratani yake, Patasi alikwenda mwenyewe kwa sista mkuu wa wodi. Akamwambia, "Sista wangu, nisaidie. Mweke kitanda cha nne. Pale ni pasafi, rangi haibanduki." Sista akacheka, akasema haya ndiyo mapendeleo ya mafundi, akakubali. Patasi hakuwa amesahau kilichomo. Alikuwa amekiamini alichokifunika nacho. Kazi nzuri humdanganya hata aliyeifanya.

Alinawa, akavaa barakoa, akaingia akijifanya anakaza ukingo wa kitanda. Wodi ilikuwa ndogo: vitanda vitano, mama watano, beseni tano chini ya vitanda. Alipita nyuma ya kitanda cha Chiriku, akabonyeza ubao kwa kidole gumba. Ukabonyea kama mkate uliolowa. Chini, karibu na ukingo, rangi ilikuwa imevimba na kuchanika, na kwenye mpasuko palijipanga vidoa vyeusi kama pilipili manga. Hata ndani ya barakoa harufu ilimfikia.

"Babu," Chiriku alisema bila kugeuka. "Unabonyeza nini?"

"Ukuta."

"Unaumwa?"

"Kidogo."

"Upe dawa yangu. Mbaya."

Kabla hajamjibu, mtoto alianza kutetemeka. Ilianza kwenye midomo, ikashuka mabegani, kisha kitanda kizima kikawa kinagonga sakafu. Meno yake yalilia kama vijiko ndani ya sufuria. Mama yake akajilaza juu yake, blanketi na khanga na mwili wake wote, akisema, "Ni dawa, mama, ni dawa tu, inafanya kazi," na muuguzi akaja akipunguza mwendo wa dripu. Patasi alisimama na bisibisi mkononi, hana skrubu hata moja ya kukaza.

Angeweza kusema pale pale. Badala yake alitoka, akajiambia kwamba lazima aanze kwa aliyemtuma. Sababu nzuri hiyo, na ilikuwa uongo. Kumkabili Bwana Kesho kulikuwa kwepesi kuliko kumtazama binti yake.

Ofisi ya Bwana Kesho ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na ilikuwa na pazia, feni mbili na ukuta mkavu. Alisikiliza huku akikoroga chai.

"Basi si jambo kubwa," akasema. "Fungua, kwangua, paka dawa ya ukuta, funga, piga rangi. Saa moja umemaliza."

"Na watoto, Mkuu?"

"Watoto wamefanya nini? Si wamelala?"

"Daktari anasema mbegu za kitu kile zinaruka. Nikibandua ule ubao wakiwa ndani, ni sawa na kuwapulizia unga usoni. Wahamishwe kwanza."

"Umekuwa daktari lini, Patasi?"

"Sijawa. Nimesikia."

Bwana Kesho akaweka kijiko chini taratibu. "Nisikilize. Nikihamisha watoto watano kwa siku moja, nitaulizwa kwa nini. Nikiulizwa, wataulizwa wote. Nani alipigilia ubao ule? Kuna karatasi yenye sahihi yangu? Hakuna. Kuna misumari yako. Hilo umelifikiria?"

"Nimelifikiria tangu asubuhi."

"Fomu zako mimi nilizipeleka juu. Juu hawakujibu. Ulitaka nifanye nini?"

"Kila mara juu," Patasi akasema. "Jengo hili lina ghorofa tatu tu. Juu ya hapo mimi naliona tangi la maji. Labda tulikuwa tunaliandikia hilo."

"Unanitania?"

"Mjukuu wangu yuko kitanda cha nne. Sina utani nilioubakiza. Sifungui ukuta watoto wakiwa ndani."

"Basi kapumzike. Una mgonjwa, tunakuelewa." Bwana Kesho akainua simu, na mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuitaja siku ya leo akasema: "Rangi, chukua mtaimbo mdogo, panda wodi ya watoto. Ubao wa nyuma ya kitanda cha nne, ubandue. Sasa hivi."

Rangi alikuwa fundi wa kupaka rangi hospitalini, kijana mtiifu, na karakana ilikuwa chini kabisa ya wodi ile. Patasi alikuwa na uwanja mzima wa kuvuka.

Hakusema kwaheri. Alitembea mpaka mlangoni kwa heshima ya umri wake, na nje akakimbia. Magoti yalimkumbusha kila mwaka aliouishi. Alipita wafuaji nguo, akapita foleni ya dirisha la dawa, mtu akamwambia, "Mzee, taratibu, hospitali haihami." Lifti ilikuwa imefunguka, tupu, taa inawaka. Hakuitazama. Alipanda ngazi akijivuta kwa ubao wa kushikilia, na kwenye kona ya pili akasikia, kwa sikio la mtu aliyeishi na mbao, msumari ukilia ukitoka.

Alipoingia, Rangi alikuwa amepiga goti nyuma ya kitanda, mtaimbo umezama kwenye ukingo wa ubao, kona ya chini imeachana na ukuta upana wa kidole. Mama Chiriku alikuwa amesogeza dripu ili kumpisha.

"Rangi, acha."

"Mzee, bosi kasema..."

"Najua alichosema. Mkono wako uache hapo hapo. Usivute. Usiurudishe kwa nguvu."

Sauti yake ilikuwa ndogo, ndiyo maana Rangi aliogopa. Patasi akapita kati ya kitanda na ukuta, akageuka, akaubana ubao kwa mgongo wake wote, kisigino kwenye ile kona iliyofunguka. Aliusikia unyevu ukipenya shati. Sasa alikuwa amewaelekea wote: wagonjwa watano, mama wanne, sista mkuu aliyesimama na sinia ya dawa, na binti yake, hatua mbili mbele.

"Sista, niletee shuka iliyoloweshwa na utepe mpana wa gundi. Na mwite daktari. Watoto wote watoke humu."

"Kuna nini, Mzee Patasi?"

Hapo palikuwa na njia nyingi. Angeweza kusema ameona doa. Angeweza kusema wakubwa, neno alilolizoea, na asingekuwa amedanganya.

"Nyuma ya ubao huu kuna ukungu," akasema. "Ukuta unalowa mwaka wa pili huu. Najua kwa sababu ubao huu nimeupigilia mimi."

Feni ya dari ilizunguka. Mtoto wa kitanda cha tano akakohoa.

"Lini?" binti yake akauliza.

"Mwaka jana. Niliomba wabadilishe bomba, mara tatu. Wakaniambia nifunike. Nikafunika."

"Kabla hatujaja."

"Kabla."

"Na kitanda hiki, Baba. Si wewe uliyekiombea?"

"Mimi."

Hakulia wala hakumtukana. Ingekuwa nafuu. Aliinama, akafungua breki za magurudumu ya kitanda, moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anayehesabu ili asifanye kitu kingine.

Mama wa kitanda cha tano ndiye aliyesema. "Kumbe tumelala na nyoka, na aliyemfuga anatuamkia kila asubuhi. 'Hamjambo wamama, mmelalaje.' Tumelala hivi, baba."

"Sema, mwanangu," Patasi alimwambia. "Una haki."

"Sihitaji ruhusa yako."

Rangi, bado kapiga goti, akanong'ona, "Mimi nilitumwa tu jamani," na hakuna aliyemjali.

Daktari alifika, akausikia mkasa kwa maneno mawili ya sista, na hakupoteza la tatu. Chumba cha mazoezi ng'ambo ya ukumbi kilikuwa kitupu. "Feni zimeni kwanza. Mlango mmoja tu ufunguliwe. Chiriku mbele, kisha wa tano. Kila mtoto barakoa, hata akilia." Wakaanza. Shuka mbichi ikaja, Rangi akaibandika kwa utepe juu ya ile kona, na Patasi hakuondoa mgongo mpaka utepe ulipozunguka pande zote nne.

Kitanda cha nne kilikuwa kimefika mlangoni Bwana Kesho alipotokea, anahema, tai begani.

"Nani ametoa amri hii? Sista, vitanda vinahamishwa kwa kibali cha utawala. Rudisheni."

Sista mkuu alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyebakiza miaka miwili astaafu. Aliweka sinia chini, akachukua daftari la wodi, akalifungua ukurasa mpya, akampa na kalamu.

"Andika hapo, Bosi. 'Mimi naamuru watoto watano wasio na kinga wabaki kwenye chumba chenye ukungu.' Saa, tarehe, sahihi. Ukiandika, narudisha mimi mwenyewe."

Bwana Kesho alitazama kalamu. Akatazama mama watano. "Hili tutalijadili kesho," akasema.

"Haya, kesho," sista akasema, na kitanda kikapita. Gurudumu moja likamkanyaga kiatu.

Alasiri Patasi aliufungua ukuta. Mlango ulikuwa umezibwa kwa nailoni, dirisha limefunguliwa, ubao umenyunyiziwa maji kila inchi, kama daktari alivyoagiza. Rangi alikataa kuondoka. Alisema msumari wa kwanza kautoa yeye, basi na wa mwisho ukitoka atakuwepo. Misumari ilikuwa kumi na sita, na kumi na mitano iliyobaki ilikuwa imeshika kikamilifu. Ubao ulipoachia, upande wa ndani ulikuwa na manyoya, meusi na ya kijani kibichi, mazito, kama mgongo wa mnyama aliyelala. Ukungu ulianzia chini ukapanda mpaka usawa wa mto. Mto wa Chiriku. Nyuma yake bomba lilikuwa linadondosha tone, linangoja, linadondosha lingine, bila haraka, kama ofisi ya serikali.

Patasi aliketi sakafuni. Rangi alidhani amezidiwa na hewa.

"Mzee, tutoke kwanza."

"Funga kwenye nailoni," Patasi akasema. "Usikunje. Nailoni mbili."

Saa kumi na moja barua ilimkuta karakana: aeleze kwa maandishi kwa nini alifunika ukuta wa wodi bila idhini. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, karatasi ya hospitali ile ilifika siku ile ile iliyoandikwa. Aliisoma kwa kufuatisha kidole, akaikunja, akaitia mfukoni. Angeijibu, na angewataja wote, na jina lake angeliweka la kwanza. Lakini si leo.

Siku tatu alikuwa haruhusiwi kuingia chumba kipya. Daktari alisema aliyegusa ukuta ule akae mbali. Binti yake hakusema kitu, na huo ulikuwa ukuta mwingine. Patasi alikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi mpaka wafagiaji walipomfukuza. Kupitia kioo cha mlango aliona mguu wa kitanda, dripu iliyofunikwa mfuko mweusi isipigwe na mwanga, na mara moja kwa siku, kitanda kikitetemeka. Mtoto wa kitanda cha tano naye alianzishiwa dawa. Mama yake akipita humpita Patasi kama anapita kiti. Na yeye kila alipopita, Patasi alisimama.

Siku ya nne mlango ulifunguka na binti yake akatoka. Alisimama mbele ya benchi, mikono imefungwa kifuani. Macho yalikuwa yameingia ndani.

"Imeshuka," akasema. "Tangu alfajiri haijapanda. Daktari anasema tusishangilie, madoa bado yapo, ni dawa ya wiki nyingi, na figo hazijatulia."

"Anasema?"

"Daktari?"

"Mtoto."

Midomo ya binti ikacheza kidogo, akaizuia. "Kamuuliza sista kwa nini chumba cha mazoezi hakina mazoezi."

Patasi alitaka kusema kuhusu wakubwa wale, kuhusu fomu tatu, kuhusu bomba, kuhusu mama yake binti huyu na ile lifti. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Nilikuwa najua, mwanangu," akasema. "Asubuhi ile daktari aliponiuliza, nilikuwa najua."

"Niliona. Uliposema utaangalia, nilikuona. Kama Rangi angekuwa na mkono mwepesi zaidi, Baba, leo tungekuwa tunazungumza nini?"

Hakukuwa na wa kumsingizia katika swali lile.

"Nenda ukaoge," binti akasema. "Oga mara mbili, na kichwa pia. Vaa nguo ambazo hazijafika kazini, sista atakupa barakoa na joho. Kisha uje ushike zamu, mimi sijalala siku ya nane leo."

Patasi akainuka. "Umenisamehe?"

"Nimechoka," binti akasema, na akarudi ndani, akiuachia mlango ujifunge wenyewe polepole.

Alikwenda kuoga.